Vipele Mkononi: Ni Bangili au Ni Dawa? Mambo ambayo kila anayeugua baridi yabisi anafaa kujua

Katika soko la Magunga, kama ilivyo katika masoko mengi ya ukanda wa ziwa, si ajabu kukutana na mtu aliyevaa bangili ya shaba kwa ajili ya maumivu ya viungo. Wengine huvaa pete, wengine mkanda wa sumaku. Mara nyingi mtu huyo huyo ana tembe alizopewa hospitalini. Kisha siku moja ngozi ya mkono inaanza kuwasha na kutoa vipele, na swali linazuka nyumbani: ni bangili au ni dawa?

Swali hili linaonekana dogo, lakini jibu lake ni zito. Anayelaumu dawa ilhali kosa ni la bangili huacha matibabu, na viungo vyake huendelea kuharibika. Anayelaumu bangili ilhali kosa ni la dawa huendelea kumeza kitu ambacho mwili wake umekikataa, na anaweza kupoteza maisha. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha mambo hayo mawili, na yale ambayo mgonjwa anapaswa kumwambia mhudumu wa afya kabla ya kuanza dawa yoyote ya baridi yabisi.

Ugonjwa wenyewe

Baridi yabisi inayozungumziwa hapa ni ile ambayo madaktari huiita rumatoidi athraitisi. Si uchovu wa shamba wala uzee. Ni ugonjwa ambapo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Mara nyingi huanzia kwenye vidole, vifundo vya mikono na nyayo, na hushika pande zote mbili za mwili. Mgonjwa huamka vidole vikiwa vimekaza, na hali hiyo inaweza kudumu saa nzima au zaidi kabla ya mkono kufunguka vizuri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 18 duniani waliishi na ugonjwa huu mwaka 2019, na takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake. Kwa mama anayeanika omena ufuoni, anayelima katika miteremko ya Gwassi au anayeshona nguo sokoni, vidole ndivyo riziki yake.

Si kila maumivu ya viungo ni rumatoidi. Malaria, selimundu, gauti na majeraha ya zamani pia huumiza viungo. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari pamoja na kipimo cha damu hutangulia dawa. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuondoa kabisa, lakini zipo dawa za kuutuliza na kuzuia viungo visipinde. Dawa hizo hufaa zaidi zikianza mapema.

Mzio wa metali ni nini?

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, ni hali ya mwili kukipinga kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara. Katika metali, mkosaji mkuu ni nikeli. Nikeli huchanganywa katika hereni za bei nafuu, mikufu, kamba za saa, vifungo vya suruali ya jinzi, zipu na vishikizo vya sidiria. Zinazofuata ni kobalti na kromiamu. Kromiamu hupatikana katika saruji na katika ngozi iliyotengenezwa kwa kemikali zake, kwa hivyo fundi wa mjengo anaweza kuwashwa na saruji, na mwingine akawashwa na viatu vyake.

Jasho huyeyusha chembe ndogo sana za nikeli, nazo hupenya ngozini. Kinga ya mwili huzitambua na kuziweka katika kumbukumbu yake. Kuanzia hapo, kila metali hiyo inapogusa ngozi, mahali hapo huwasha, huwa pekundu au peusi zaidi, hutoa vipele vidogo vya maji na baadaye hukauka na kupasuka. Dalili hazitokei papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu, na ndiyo sababu wengi hawakumbuki walichovaa. Mtu akishapata mzio wa nikeli, kwa kawaida hubaki nao maisha yake yote. Wanawake huupata zaidi, hasa kwa sababu ya kutoboa masikio. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu.

Rangi ya kijani inayobaki mkononi chini ya bangili ya shaba si mzio. Ni shaba iliyochanganyika na jasho, nayo huoshwa kwa sabuni. Mzio wa shaba yenyewe ni nadra. Hata hivyo, bangili nyingi zinazouzwa kama shaba zimechanganywa na metali nyingine, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho kama nikeli imo.

Je, bangili ya shaba husaidia?

Swali hili limewahi kupimwa. Nchini Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha York wakiongozwa na Stewart Richmond waliwafuatilia wagonjwa 70 wa rumatoidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kila mgonjwa alivaa kwa zamu vifaa vinne, kila kimoja kwa wiki tano: bangili ya shaba, mkanda wenye sumaku ya kawaida, mkanda wenye sumaku hafifu na mkanda usio na sumaku. Maumivu, uvimbe na matumizi ya dawa vilipimwa. Bangili ya shaba na mikanda ya sumaku havikuonyesha faida yoyote ya maana kuliko kifaa cha bandia.

Hii haimaanishi kwamba anayevaa bangili atukanwe au alazimishwe kuivua. Kama ngozi haiwashi, bangili haina hatari kubwa. Hatari ni pale inapochukua nafasi ya dawa, au inapoleta vipele vinavyomchanganya mgonjwa na mhudumu wake.

Wakati metali ilikuwa ndiyo dawa

Kuna metali moja iliyowahi kuwa dawa halisi ya ugonjwa huu, nayo ni dhahabu. Mwaka 1929 daktari Mfaransa Jacques Forestier alitangaza kwamba sindano za chumvi za dhahabu ziliwasaidia wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa miongo mingi baadaye, sindano hizo zilitumika hospitalini katika nchi nyingi.

Dhahabu iliwasaidia wengi, lakini wengine iliwadhuru. Madhara ya kawaida zaidi yalikuwa vipele vya kuwasha mwili mzima na vidonda vya mdomo. Wengine walianza kupoteza protini kwenye mkojo kwa sababu figo zimeguswa, na wachache chembe za damu zilishuka vibaya. Ndiyo maana mgonjwa alipimwa mkojo na damu mara kwa mara, na aliyekuwa na mzio wa dhahabu hakufaa kupewa. Baadaye methotrekseti ilichukua nafasi yake, na leo dhahabu karibu imeachwa kabisa.

Historia hii ina mafunzo mawili kwa wakaazi. Kwanza, mzio wa nikeli unaotokana na hereni au saa haumzuii mtu kutumia dawa za kawaida za baridi yabisi zinazotolewa leo, kwa sababu hazitengenezwi kwa nikeli. Asiogope tembe kwa sababu hereni zilimwasha. Pili, dhahabu ya hospitalini ilikuwa chumvi iliyopimwa kwa miligramu, si dhahabu ya mgodini. Vumbi la dhahabu au pete iliyolowekwa katika maji ya kunywa si tiba.

Kwa wanaochimba dhahabu

Upande wa kusini wa Magunga, ukivuka kuingia Nyatike katika Kaunti ya Migori, kuna machimbo ya dhahabu ya Macalder na maeneo jirani. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma. Moshi wa zebaki huingia mapafuni na sumu yake hufika kwenye ubongo na figo. Zebaki pia inaweza kuleta vipele inapogusa ngozi.

Jambo hili linahusiana moja kwa moja na dawa za baridi yabisi. Methotrekseti hutolewa mwilini kupitia figo. Figo zilizochoka huiacha dawa ikijazana mwilini hadi iwe sumu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzielemea figo hizo hizo. Kwa hivyo anayefanya kazi ya dhahabu, au aliyeifanya zamani, amweleze daktari bila kuona haya. Swali la daktari kuhusu kazi si la kumshtaki mtu.

Dawa za leo na tahadhari zake

*Methotrekseti.* Hii ndiyo dawa kuu. Humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki. Haimezwi kila siku. Katika nchi mbalimbali watu wamekufa kwa sababu ya kosa hilo moja. Mgonjwa achague siku, kwa mfano Jumapili, na iandikwe kwenye kadi na kwenye pakiti. Tembe zake huja kwa ukubwa tofauti, za miligramu 2.5 na za miligramu 10, kwa hivyo ahesabu upya kila anapopewa pakiti mpya. Kwa kawaida hupewa pamoja na asidi ya foliki ili kupunguza madhara. Vipimo vya damu, ini na figo hufanywa kabla ya kuanza, kila wiki mbili hadi nne katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Chang'aa, busaa na pombe nyingine huongeza hatari kwa ini.

Methotrekseti huharibu mimba na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeitumia anahitaji njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Akitaka kupata mtoto, azungumze na daktari miezi kadhaa kabla.

*Septrin pamoja na methotrekseti.* Hapa wakaazi wa kaunti hii wasikilize kwa makini. Watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakimeza Septrin kila siku ili kujikinga na maambukizi, na wengine hupewa kwa ajili ya kikohozi au maambukizi ya mkojo. Septrin na methotrekseti zikikutana mwilini zinaweza kuangusha chembe za damu kwa ghafla, hata kwa siku chache. Mgonjwa haruhusiwi kuzichanganya bila daktari kujua. Vilevile asiache Septrin wala ARV kwa uamuzi wake mwenyewe. Kazi yake ni kusema. Kazi ya daktari ni kupanga dawa zisigongane.

*Sulfasalazini.* Dawa hii ni ya ukoo wa salfa. Mtu aliyewahi kutoka malengelenge, kuvimba uso au kuchubuka ngozi baada ya Septrin au Fansidar aseme kabla hajaandikiwa. Huu ndio mzio unaohitaji kuogopwa zaidi kuliko ule wa hereni.

*Haidroksiklorokwini.* Hii huvumiliwa vizuri na wengi, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho, ndiyo maana macho hukaguliwa. Si mbadala wa dawa ya malaria. Anayeitumia akipata homa apimwe malaria kama mtu mwingine yeyote.

*Prednisoloni.* Hutuliza uvimbe haraka, na kwa sababu hiyo watu huipenda na kuinunua bila kuandikiwa. Ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na huficha maambukizi, kifua kikuu kikiwemo. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatize ghafla, kwani mwili huwa umeacha kujitengenezea homoni inayofanana nayo. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Pia kuna dawa za unga au za chupa zisizo na lebo, zinazosifiwa kwamba humaliza maumivu usiku mmoja. Katika nchi nyingi, dawa za aina hiyo zimepatikana zikiwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama prednisoloni. Kupona kwa haraka kupita kiasi ni sababu ya kuuliza maswali.

Bangili au dawa? Namna ya kutofautisha

Vipele vya metali kwa kawaida huwa hivi:

- Hutokea pale metali inapogusa: kifundo cha mkono, ndewe za masikio, shingoni au chini ya kitovu penye kifungo cha suruali.
- Mara nyingi hufuata umbo la kitu chenyewe.
- Huwasha sana, lakini mgonjwa hana homa na mwili wake hauumwi.
- Hupungua kwa siku au wiki chache baada ya kitu kuvuliwa.

Vipele vya dawa kwa kawaida huwa hivi:

- Hutokea kifuani, mgongoni na pande zote mbili za mwili, mahali ambapo hakuna metali.
- Huanza siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kuanza dawa mpya au kuongezewa kipimo.
- Haviondoki kwa kuvua bangili.
- Vinaweza kuja na homa, vidonda mdomoni au uvimbe wa uso.

Tofauti hizi ni mwongozo tu. Mzio mkali wa metali unaweza kusambaa, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Hatua ya kwanza ni rahisi: vitu vyote vya metali vivuliwe, kisha mgonjwa aende kituo cha afya akiwa na pakiti za dawa zote anazotumia. Kama ni vipele vya mahali pamoja bila dalili nyingine, dawa isiachwe kabla ya kuuliza.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo

- Malengelenge, ngozi kuchubuka, macho mekundu au vidonda mdomoni na sehemu za siri
- Kuvimba uso, midomo au ulimi, au kushindwa kupumua
- Homa, michubuko isiyo na sababu au kutokwa damu kwenye fizi
- Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi baada ya kuanza methotrekseti
- Macho kuwa ya manjano au kutapika kusikokoma

Mwenye dalili hizi asimeze kipimo kinachofuata cha methotrekseti au sulfasalazini hadi aonwe na daktari. Prednisoloni pekee ndiyo isiyokatizwa ghafla.

Metali ndani ya mwili

Wakaazi wengine huuliza kuhusu vyuma vinavyowekwa mifupani baada ya ajali za bodaboda, au viungo bandia vya goti na nyonga ambavyo mgonjwa wa baridi yabisi anaweza kuhitaji. Chuma cha pua kinachotumika kwa kazi hiyo huwa na nikeli, na viungo bandia vingi hutengenezwa kwa kobalti na kromiamu. Habari njema ni kwamba watu wengi wenye mzio wa nikeli kwenye ngozi hukaa na vyuma hivyo bila shida. Hata hivyo, daktari wa upasuaji aelezwe mapema, kwa sababu ipo metali mbadala kama titani.

Katika hospitali zenye wataalamu wa ngozi, mzio wa metali hupimwa kwa kubandika vipande vyenye metali mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi kukaguliwa, na kukaguliwa tena baada ya siku kadhaa. Anayetumia prednisoloni aseme, kwa kuwa kipimo kikubwa cha dawa hiyo kinaweza kuficha majibu.

Mambo sita ya kumwambia mhudumu wa afya

1. Metali au vitu vingine vilivyowahi kuniwasha.
2. Dawa zilizowahi kunidhuru, hasa Septrin na Fansidar.
3. Dawa zote ninazotumia sasa, zikiwemo ARV, Septrin, za maumivu, za kupanga uzazi na za mitishamba.
4. Kama nina mimba, ninanyonyesha au ninatarajia kupata mtoto. Mwanamume pia aseme akipanga kupata mtoto.
5. Ugonjwa wa ini, figo, selimundu, kifua kikuu au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili.
6. Kazi yangu, hasa ya dhahabu na zebaki, na kama ninakunywa pombe.

Orodha hii inaweza kuandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Asiyejua kusoma amwombe mwanawe au mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake amwandikie.

Dawa ikileta madhara, iripotiwe

Kenya inao mfumo wa kufuatilia usalama wa dawa chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na tangu mwaka 2010 nchi ni mwanachama kamili wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya manjano kuhusu madhara, na fomu ya waridi kama dawa yenyewe inashukiwa kuwa mbovu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ripoti yake imejazwa, na ana haki ya kupewa maandishi yanayotaja dawa iliyomdhuru ili asipewe tena mahali pengine.

Mkaazi wa Magunga mwenye viungo vilivyovimba, au mwenye vipele asivyovielewa, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au Hospitali ya Magunga. Kesi zinazohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Homa Bay. Aende na kadi yake, pakiti zake zote na, kama anayo, bangili yake mkononi. Mhudumu akiiona atajua la kuuliza.